Tabaka Ina Mawe, Hoteli Ina Kongamano, Data Ziko Wapi?

Najua ni majuma kadhaa sijaandika. Kazi ya kuwaandikia watu programu ina tabia ya kula hata Jumapili. Lakini leo kuna jambo limenikwama kooni na nisipolitema sitalala.

Katika kundi letu la WhatsApp, kundi la watu waliosomea kompyuta na sayansi na ambao kwao ni Kisii au Nyamira, mjadala umewaka tangu juma lililopita. Mwenzetu mmoja ametoa pendekezo kwamba tuandae "kongamano la kimataifa" mjini Kisii kuhusu akili unde na ugunduzi wa malighafi mpya. (Akili unde ndiyo ile Watanzania wanaiita akili mnemba. Chagua jina unalolipenda, mashine ni ileile.) Nembo tayari ipo. Kamati ndogo ya mapokezi tayari ipo. Kuna aliyekwishauliza bei ya fulana. Nilipouliza, "Jamani, tutakuwa na data gani mezani?" nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kiufundi, yatajadiliwa baadaye.

Mambo ya kiufundi! Kwenye kongamano la ufundi!

Basi nimeamua kuyaleta hapa, kwa sababu kwenye WhatsApp ukiandika zaidi ya mistari mitano watu wanakutumia picha za kucheka.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, maana si kila anayepita hapa ni mtu wa maabara. Ninaposema malighafi sizungumzii mahindi na majani chai. Nazungumzia vitu vinavyotengenezewa vitu: chuma, kioo, kauri, saruji, ule unga mweusi ulio ndani ya betri ya simu yako. Kwa karne nyingi watu walivipata kwa kujaribujaribu. Changanya, choma, vunja, andika, rudia. Baadaye wanafizikia wakapata njia ya kukokotoa kama mpangilio fulani wa atomi utasimama au utasambaratika, kwa kufuata wiani wa elektroni zake. Walter Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba hesabu zenyewe ni nzito. Fuwele moja tu inaweza kuitoa kompyuta jasho kwa saa nyingi.

Mwaka 2011 Kristin Persson na wenzake kule Berkeley, California, wakaanzisha Materials Project. Wazo lao lilikuwa jepesi mno: tufanye hesabu hizo kwa maelfu ya fuwele, majibu tuyaweke mtandaoni, bure, kila mtu achukue. Mimi hapa Kisii ninaweza kufungua akaunti na kuyapakua kwa Python kabla chai yangu haijapoa. Na ni kwa majibu hayo ndipo mitandao ya neva ilipofunzwa kukisia haraka kile ambacho hesabu ya Kohn inakipata polepole.

Halafu ikaja Novemba 2023 na kelele zake. Google DeepMind walichapisha katika jarida la Nature programu yao iitwayo GNoME. Miundo ya fuwele milioni 2.2, na kati ya hiyo 380,000 ambayo kwa hesabu inaonekana ni imara. Wenyewe walisema ni sawa na maarifa ya karibu miaka 800. Wakati huohuo maabara ya Lawrence Berkeley ikatangaza roboti zake, A-Lab, ambazo kwa siku 17 zilijaribu kutengeneza kampaundi 58 na zikafanikiwa kutengeneza 41. Magazeti yakapandwa na wazimu. Nakumbuka hata sisi kwenye kundi tulitumiana viungo usiku kucha.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu hiki hakikutumwa kwenye kundi. Mwaka 2024 Robert Palgrave wa University College London, Leslie Schoop wa Princeton na wenzao walizipitia upya picha za eksirei za A-Lab, moja baada ya nyingine. Wakasema hawaoni hata kampaundi moja mpya. Roboti ilikuwa imedhani kila aina ya atomi imekaa kwenye kiti chake, kama wanafunzi siku ya mtihani, kumbe katika vitu vingi hivyo atomi zimekaa mchanganyiko, na ukizisoma hivyo unakuta ni kampaundi iliyokwishajulikana zamani. Wenye maabara walijitetea, na mabishano hayo yanapendeza kuyasoma. Mwaka huohuo Anthony Cheetham na Ram Seshadri wa Santa Barbara wakaipitia orodha ya GNoME na kusema kwamba ni vigumu kuona humo kitu ambacho ni kipya, kinaaminika na kina kazi, yote matatu kwa pamoja.

Halafu kuna hii ya MIT. Mwishoni mwa 2024 makala ya mwanafunzi mmoja wa uzamifu ilizunguka dunia nzima ikidai kwamba wanasayansi wa kampuni moja waliopewa akili unde waligundua malighafi zaidi kwa asilimia 44. Asilimia 44! Namba tamu hiyo. Mei 2025 chuo chenyewe kikatoa tamko kwamba hakina imani na asili ya data hizo wala uhalali wa utafiti, na kikaomba makala iondolewe. Nina hakika namba hiyo bado inaishi kwenye slaidi za watu. Nikiiona kwenye slaidi za kongamano letu nitanyanyuka nitoke.

Ukiziangalia hadithi hizi zote, ugomvi uko mahali pamoja: data. Zilipimwaje, nani alizipima, nani anaweza kuzifungua na kuzikagua. Palgrave na wenzake waliweza kuikosoa A-Lab kwa sababu vipimo vilikuwa wazi. Hiyo ni sifa ya A-Lab, na ninaisema bila kejeli.

Na upande wa mafanikio ni vilevile. Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobel ya kemia 2024 kwa AlphaFold, programu inayokisia maumbo ya protini. Watu wanaisimulia kama muujiza wa algoriti. Lakini AlphaFold ilifunzwa kwa hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu. Saba! Watu wa maabara wakaendelea kuongeza, moja moja, kwa karibu miaka 50, mpaka yakafika kama 170,000. Ndipo mashine ikapata cha kusoma. Hakuna aliyeanza kwa kununua fulana.

Haya, turudi nyumbani.

Gusii ina malighafi gani? Ya kwanza kila mtu anaijua: jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea ambalo Waingereza waliliita jiwe la sabuni. Limetoka kwetu likazunguka dunia. Elkana Ong'esa, mtoto wa Tabaka, alichonga ndege wa amani ambaye sanamu yake iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Kila duka la vinyago Nairobi na Mombasa lina kiboko au sahani ya jiwe letu. Linakuja jeupe, la kijivu, la waridi, lenye mishipa mekundu, jeusi. Mchongaji anakueleza kwamba hili la waridi linakataa patasi, hili jeupe linanyooka kama jibini, hili lina ufa ndani usiouona. Nilimwuliza mzee mmoja pale machimboni, "Baba, unajuaje lina ufa?" Akaligonga kwa mpini wa panga, akaniambia, "Sikiliza, mwanangu. Hili linaimba. Lile linakohoa."

Hicho ni kipimo, jamani. Mhandisi akikifanya kwa kifaa cha mawimbi ya sauti anaandika makala. Mzee akikifanya kwa mpini wa panga kinafia hapohapo machimboni.

Na hapa msinidanganye kwamba GNoME itatusaidia. Hesabu zile zinahusu fuwele safi, isiyo na mwisho, kwenye baridi ya sufuri kabisa ambako hata atomi zimetulia. Jiwe la Tabaka ni mchanganyiko wa madini kadhaa yaliyosukwa pamoja na joto na maji kwa miaka mingi isiyohesabika, na shimo hili si sawa na shimo lile. Ukitaka kujua ugumu wake au linanyonya maji kiasi gani, hakuna seva ya California yenye jibu. Ni lazima mtu alipime. Mtu wa hapa, kwa sababu jiwe liko hapa.

Mwaka jana nilikaa jioni tatu nzima nikitafuta vipimo vya jiwe hilo mtandaoni, kwa udadisi tu, nikitaka kuchora ramani. Nilipata makala zilizofungwa, lipa dola ndipo usome. Nilipata tasnifu zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa zimeinama, na katika moja muhuri wa maktaba umekaa juu ya tarakimu nilizozihitaji. Nilipata grafu nzuri ya eksirei, vilele vimechongoka kama Mlima Kenya, lakini namba zilizoichora hazipo. Nikamwandikia barua pepe mwenye tasnifu. Alinijibu kwa ukarimu sana: faili zilikuwa kwenye laptopu iliyokufa, na laptopu akaiuza kama vipuri.

Watu walikaa maabara miaka miwili kwa ajili ya zile namba. Zikauzwa pamoja na kibodi.

Utasema, kijana wewe unalia kwa sababu ya mawe ya vinyago. Basi tuzungumze juu ya vumbi. Ukienda Tabaka utaona watu wanakata na kupiga tupa jiwe kavu, hawajafunika pua, siku nzima, na vumbi limewakaa kichwani kama unga wa posho. Jiwe likiwa na madini ya kwatsi, vumbi lake laini likiingia mapafuni mwaka baada ya mwaka linaleta silikosisi, ugonjwa ambao hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Kwa hiyo swali la shimo lipi lina kwatsi nyingi na lipi lina kidogo linahusu pumzi za watu. Jedwali moja tu, lenye jina la shimo na kiasi cha kwatsi, lingemwambia mchongaji jiwe lipi asiliguse bila maji na barakoa. Akina mama wanaopiga msasa hutumia maji, na hilo linasaidia. Anayekata kwa msumeno hana hata hayo maji.

Hiyo ndiyo "akili unde kwa malighafi" ninayoitaka mimi. Haihitaji hata akili unde kwa sasa. Inahitaji mtu aandike.

Malighafi ya pili ni udongo wa matofali. Pita barabara yoyote ya Nyamira au Kisii ukiangalia mabondeni, utaona tanuri la matofali linafuka. Udongo unachimbwa kando ya kijito, tofali linaanikwa, linachomwa kwa kuni za mkaratusi. Mvua yetu huku ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na tofali lililokaa pembeni mwa tanuri ambako moto haukufika vizuri linanyonya maji na kumegeka. Fundi analijua, analigonga na kulisikiliza (tena masikio!), lakini anayeuziwa halijui, na likishapigwa plasta hakuna anayelijua. Joto ngapi kwa saa ngapi linatosha udongo wa bonde hili? Ukichanganya na majivu, je? Ukipunguza kuni theluthi moja, je? Haya ni maswali ya ugunduzi wa malighafi, yana hela ndani yake, yana miti ndani yake. Nani ameyaandika majibu mahali ambapo kompyuta inaweza kuyasoma?

Sasa nikupe mfano utakaokuudhi kama ulivyoniudhi mimi. Kila aliyejifunza kufundisha mashine, awe Nairobi, Kisii au Bangalore, amekutana na seti ya data ya zege. Ni safu 1,030. Kila safu ina kiasi cha saruji, maji, mchanga, kokoto na vichanganyo vingine, umri wa zege kwa siku, na mwisho nguvu yake lilipokandamizwa mpaka likavunjika. Zilikusanywa na I-Cheng Yeh, profesa wa Taiwan, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1998, na baadaye akaziweka wazi kwa kila mtu. Faili lenyewe ni dogo kuliko picha moja ya simu yako. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nilipolitumia, na niliandika ripoti nzuri sana kuhusu nguvu ya zege ambalo sijawahi kuliona, la mchanga nisioujua, huku nje ya dirisha la darasa kulikuwa na jengo la ghorofa linapanda kwa mchanga wa mto wa karibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kutoka nje na kuuliza.

Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka likaua makumi ya watu. Sisemi kwamba safu 1,030 za zege la Kenya zingelizuia. Rushwa haisomi CSV. Nasema tu kwamba nchi inayozika watu kwa sababu ya zege isingekuwa inaazima zege la kujifunzia.

Kuna watakaosema Mkenya hana uwezo wa sayansi hii, kwa hiyo tuanze na kongamano ili tujifunze. Uongo! Mwaka 2012 pale Eldoret, kwenye kampasi ya Chepkoilel ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Eldoret, ilifanyika ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa muundo wa elektroni. Ndiyo, hesabu zilezile za Kohn. Ilikuwa ya pili katika mfululizo wake. Ya kwanza ilifanyika Cape Town mwaka 2010. Waliosukuma gurudumu hilo ni watu kama Nithaya Chetty wa Afrika Kusini na Richard Martin wa Marekani, kwa msaada wa kituo cha fizikia cha Trieste, ICTP, ambacho Abdus Salam wa Pakistani alikianzisha mwaka 1964 hasa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Miaka kumi na zaidi kabla ya GNoME, Wakenya walikuwa Eldoret wanakokotoa fuwele. George Amolo na Nicholas Makau, Wakenya, wamefundisha na kufanya utafiti wa fani hii kwa miaka mingi. Ngapi kati ya fulana zetu zingekuwa na majina yao?

Ninachokipenda kuhusu ASESMA ni umbo lake. Unakaa majuma mawili. Asubuhi unafundishwa, mchana unafungua kompyuta na kuendesha Quantum ESPRESSO, programu huria isiyo na leseni ya kununua, na mwishoni unaonyesha ulichokokotoa mbele ya watu watakaokuuliza maswali magumu. Ukiondoka unaondoka na kazi mkononi na watu wa kuwaandikia barua pepe. Hata Data Science Africa ilianza namna hiyo, Nyeri mwaka 2015, watu wamekaa na data halisi za hapahapa Afrika.

Linganisha na kongamano moja nililolihudhuria miaka michache iliyopita. Sitalitaja jina wala mji. Saa moja na nusu za kwanza zilikuwa za itifaki. Mgeni wa heshima alichelewa, alipofika tulisimama, tukaketi, tukasimama tena. Hotuba zote zilikuwa na neno "mapinduzi". Watafiti wenyewe, waliosafiri usiku kwa matatu, walipewa dakika saba kila mmoja, na wa mwisho wakapewa tatu kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Binti mmoja alikuwa na bango kuhusu matofali yaliyochanganywa na nyuzi za mgomba. Nyuzi za mgomba! Sisi tunaotoka kwenye migomba! Bango lake lilikuwa limebandikwa kwenye korido ya kuelekea msalani. Nilisimama naye dakika ishirini, nikajifunza mengi kuliko ukumbini. Nilimwomba data zake, akasema aliambiwa zitatoka kwenye kitabu cha kongamano. Kitabu hicho nakisubiri mpaka leo.

Mtu ameniita mpinga maendeleo kwenye kundi. Mwingine amesema nina wivu kwa sababu sikuwekwa kwenye kamati. Sawa. Lakini nitajibu hoja mbili zenye uzito, maana zipo.

Ya kwanza: tusipojitokeza, dunia haitatuona. Hii naielewa. Watafiti wengi wa Kiafrika waliokuwa wakienda mkutano wa NeurIPS huko Montreal mwaka 2018 walinyimwa viza za Kanada, na mwaka uliofuata huko Vancouver yakawa yaleyale. Ni kwenye mkutano huohuo wa NeurIPS ambako tangu 2022 watu wa akili unde na malighafi wana warsha yao. Mkutano wa ICLR ulipangwa kufanyika Addis Ababa 2020, korona ikausukumia mtandaoni, na hatimaye Mei 2023 ukafanyika Kigali, mkutano mkubwa wa kwanza wa aina yake kukanyaga bara hili ana kwa ana. Ulikuwa na maana kubwa. Kwa hiyo sipingi makongamano. Lakini waliokwenda Kigali walikwenda na kazi iliyopitiwa na kukosolewa. Sisi tunataka kuualika ulimwengu Kisii uje uone nini? Slaidi kuhusu GNoME? Waliokuja ndio walioitengeneza!

Hoja ya pili ni nzito zaidi: tukiziweka data wazi, wageni watazichukua watajirike. Hofu hii ina historia nyuma yake, na simcheki anayeisema. Ila tuangalie Tabaka. Jiwe lenyewe limekuwa likiondoka kwa miaka na miaka, kilo kwa kilo, na mnunuzi wa nje akitaka kujua lina nini ndani analipeleka kipande maabara ya kwao, anajua ndani ya juma moja. Asiyejua ni anayelichimba. Kufungia namba ambazo mnunuzi anazo tayari ni kumficha mchongaji peke yake. Mahali pa kuwa mkali ni kwenye leseni na majina: anayetumia data aseme zimetoka Tabaka, shimo la nani, na mchimbaji aorodheshwe kama mchangiaji pamoja na mwenye shahada. Hilo linaandikwa kwa mistari miwili.

Sasa, nisije nikaonekana ni mtu wa kubomoa tu. Ninachokipendekeza ni kidogo kiasi cha kuaibisha. Fomu ya ODK kwenye simu, ile ambayo watu wa afya na kilimo huitumia mashambani bila mtandao. Mahali, kina cha shimo, rangi, sauti ya jiwe likigongwa (ndiyo, rekodi sauti, nitaieleza kamati wakiuliza). Uzito likiwa kavu, uzito likiwa limening'inizwa ndani ya maji, na kwa hesabu ya Archimedes una msongamano wake bila mashine yoyote ya kuagiza. Liloweshe saa 24, lipime tena, una kiasi cha maji lililonyonya. Kwa matofali ongeza bonde la udongo, kuni, saa za moto, na nafasi ya tofali ndani ya tanuri. Mashine za eksirei ni chache nchini, kwa hiyo tuchague vipande vichache tu vya kupeleka, na faili ghafi lirudi, si picha ya grafu. Kila kitu kiwekwe Zenodo, hifadhi ya bure inayoendeshwa na CERN, ambako kila seti inapewa namba ya kudumu na haifi na laptopu ya mtu.

Tukifika safu mia tatu hivi, hapo akili unde inaingia mlangoni kwa miguu yake. Na siyo ile ya kompyuta za mabilioni. Kuna mbinu za Bayes ambazo kazi yake ni kukuambia jaribio lipi ulifanye kesho ukipewa majaribio machache uliyokwishafanya. Umechoma matofali mara kumi na tano. Programu inatazama, inakisia, na inakuambia: mara ya kumi na sita jaribu majivu kiasi hiki, moto saa hizi, kwa sababu hapo ndipo sijui zaidi na ndipo pana matumaini. Inaendeshwa kwenye laptopu ya kawaida. Kwangu mimi, hicho ndicho kipande cha fani hii nzima kinachotufaa kuliko vyote, kwa sababu kilitengenezewa mtu ambaye kila jaribio linamgharimu. Fundi wa tanuri la Nyamira ni mtu huyo hasa. Mkokoteni mmoja wa kuni ni fedha.

Na anayetaka hesabu za kwantumu kweli, afuate njia ya Eldoret. Kituo cha CHPC cha Cape Town kina kompyuta iitwayo Lengau, iliyozinduliwa 2016, na watafiti wa nchi nyingine za Afrika wamekuwa wakikokotoa humo kwa mbali. Hakuhitajiki ukumbi wa hoteli.

Halafu baada ya mwaka mmoja, tukiwa na faili, tuite watu. Tuwaite Tabaka kwenyewe, siyo mjini. Wakae siku kumi, wapewe safu zetu wazikosoe mpaka tutoe machozi, kama Palgrave alivyowafanyia wale wa Berkeley. Bango la nyuzi za mgomba liwe mlangoni, na itifaki ipewe dakika saba.

Wakati kamati ikiendelea kujadili rangi ya fulana, mimi Jumamosi hii naelekea Tabaka na mizani ya jikoni, ndoo, kamba ya nailoni na simu mbili zenye chaji. Wachimbaji wawili wamekubali nianze na mashimo yao, na mmoja ameuliza swali ambalo kundi zima la wasomi halikuuliza: atapataje nakala ya majibu? Nimemwambia nitamchapishia kwenye karatasi, kwa Kiswahili na Ekegusii. Anayetaka kuja tukutane stendi ya Kisii saa moja asubuhi, na avae viatu vya matope. Nafasi ya kubeba ndoo bado iko wazi.